Mama Aliyeshuka Baraka Kupumzika

Mama alipomwambia baba mukubwa kwamba anataka kushuka Baraka, mji wa kando ya ziwa, kupumzika, baba mukubwa alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua. Ilikuwa katikati ya vita ya pili ya nchi yetu, tena msimu wa mvua. Watu wa Fizi, kwetu mlimani, walikuwa wanashuka Baraka kutafuta chumvi na sabuni, kupeleka mgonjwa, au kukimbia. Kupumzika hakuna aliyeshuka. Hata zamani, nchi ikiwa imetulia, wageni waliopenda ziwa walikuja kiangazi, wakati ndakala, dagaa wetu, zinaanikwa mchangani na maji yametakata. Mvua ikianza, barabara inakuwa tope, upepo unalivuruga ziwa, na mji wote unajifungia ndani.

"Unaenda kupumzika nini?" baba mukubwa aliuliza.

"Mi nilizaliwa kule," mama akasema. "Na rafiki yangu iko kule. Ni siku chache tu, nitarudi."

Baba mukubwa alikuwa kaka wa baba yangu, na tangu baba apotee neno la mwisho nyumbani lilikuwa lake. Alifikiri, akasema sawa, mama aende, ila mimi nimsindikize. Nilikuwa msichana mkubwa, shule zimefungwa, kazi yangu ni shamba la mihogo tu. Nilifurahi. Nilidhani tunakwenda kula samaki.

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona. Mwaka ule watu wengi walipouawa kijijini Makobola, yeye alikuwa ameondoka nyumbani kwenda Uvira kununua uzi na vitambaa, na njia ya Uvira inapita Makobola. Waliotoka upande huo walitueleza mambo waliyoyaona, lakini hakuna aliyesema amemwona baba, akiwa hai au amekufa. Baba mukubwa akashika neno moja na hakuliachia: mdogo wake alivuka ziwa, yuko kambini upande wa Kigoma, vita ikiisha atarudi. Kwa hiyo alikataza matanga.

"Kumulilia muntu mwenye angali hai ni kumuchimbia kaburi," alituambia.

Basi hatukulia. Mama hakunyoa nywele. Nyumbani tulijifunza kusema "baba anapenda pilipili", "baba anasinzia kanisani", kamwe si "alipenda" wala "alisinzia". Ulimi ukiteleza, baba mukubwa alikuwa anageuza uso, na mazungumzo yanaishia hapo.

Tulitoka alfajiri, mama amebeba unga wa mihogo wa kumpelekea rafiki yake, mimi nimebeba nguo. Mlima ulikuwa mikononi mwa wapiganaji wa kwetu, na Baraka ilikuwa mikononi mwa askari wa upande mwingine, kwa hiyo kulikuwa na bariyeri mbili za kukagua watu, na katikati yake barabara tupu iliyoota majani. Bariyeri ya kwanza walitujua, wakatuambia tu tuchunge midomo yetu huko tuendako. Ya pili ndiyo ilikuwa ngumu. Askari mmoja, mtu mzima mwenye macho mekundu ya malaria, alimsimamisha mama.

"Munatoka kwa waasi munakuja kufanya nini huku?"

"Kupumzika, afande."

"Kupumzika? Vita iko, we unakuja kupumzika?"

"Ndiyo vita imenichokesha," mama alisema. "Muntu akichoka, si anaenda kwenye alizaliwa?"

Watu walikuwa wamepigwa pale kwa majibu mepesi kuliko hayo. Yule askari alimtazama mama, akanitazama mimi, akauliza mzigo una nini. Akachota unga, akaujaza kwenye sahani yake ya bati, akatuonyesha njia kwa kidevu. Tulipofika mbali kidogo alisema nyuma yetu, si kwa hasira, "Mi pia ningeenda kwetu." Mama hakugeuka, lakini nilimsikia akimjibu kwa sauti ndogo, "Mungu akusaidie."

Rafiki wa mama alikuwa anakaa mtaa wa Waislamu, karibu na msikiti. Ni mtaa wa zamani kuliko kitu kingine chochote Baraka. Mababu wa watu wake walikuja na misafara ya kutoka pwani, enzi za pembe za ndovu na watumwa, wakapanda michikichi, wakajenga nyumba za udongo zenye baraza mbele, na wakaacha Kiswahili hiki tunachosema. Siku hizo za vita nyumba nyingi zilikuwa hazina milango, zimeporwa hata misumari. Nilimuuliza rafiki wa mama kama babu yake alikuwa mwenye msafara. Alicheka.

"Sijui, mwanangu. Kwenye munyororo kulikuwa pande mbili, mwenye kushika na mwenye kufungwa. Kwetu hakuna mwenye alisema babu alikuwa upande gani. Wote walibaki hapa, wakaoana."

Alikuwa mjane, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Yeye na mama walisoma darasa moja wakiwa wadogo, mmoja akitoka misa, mwingine akitoka chuo cha Kurani. Alitupikia mukeke, samaki wa ziwa, na sombe ya majani ya mihogo, akatutandikia mkeka chumba cha nyuma. Mama alilala usingizi ambao sikuwa nimemwona akilala tangu vita ianze. Mvua ilinyesha juu ya mabati, akaamka, akala, akalala tena. Nikajisemea kumbe kweli alikuja kupumzika.

Mvua ilipokatika asubuhi iliyofuata mama alituambia twende ziwani. Ufuko ulikuwa mtupu. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa juu ya mchanga, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya udongo wa mito. Mama aliangalia huku na huku, akafunga kitenge chake juu ya kifua, akaingia. Nilidhani ananawa miguu. Maji yakafika kiunoni, yakafika mabegani, kisha akajilaza na kuanza kuogelea. Maisha yangu yote nilimjua mama kama mtu wa mlimani, wa jembe na kinu. Sikujua kwamba anaweza kuogelea. Alikwenda mpaka kichwa chake kikawa kama kibuyu kinachoelea, nami nikasimama pale mchangani nikimwita kwa hofu.

"Muache," rafiki yake aliniambia. "Zamani tulikuwa tunashindana na wavulana, na alikuwa anatushinda sisi wote."

Mama alirudi akihema, akaketi kwenye mchanga na maji yakimtiririka. Halafu, bila kututazama, akasema, "Bwana yangu alikufa."

Akaendelea, "Miaka yote hii, kila mara mulango inalia, mi nasimama. Mbuzi ikigonga mulango, nasimama. Upepo, nasimama. Nimechoka kusimama."

Nilimwambia, "Mama, baba mukubwa alikataza."

"Yeye ni ndugu yake," mama alisema. "Ndugu anaweza kungoja mpaka mwisho wa dunia. Mi ni muke."

Rafiki yake alimshika mkono. Alimwambia kwamba kwao mwanamke akifiwa anakaa eda miezi minne na siku kumi, haendi popote, hajipambi. "Na ikiisha, inaisha. Unatoka nje, unaoga, unaonekana tena. Siku ile niliona uzito wa kukaa eda. Leo nashukuru mwenye aliweka mwisho yake. Wewe hawakukupa hata mwanzo."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mama alitaka kushuka mvua ikinyesha, wakati hakuna wafanyabiashara wa kutoka Fizi ambao wangepeleka habari ya matanga nyumbani kabla yetu.

Kesho yake rafiki wa mama alitandika mikeka barazani na kupita nyumba kwa nyumba. Walikuja wanawake kama kumi na kitu, wa msikiti na wa kanisa, wakiwa na vitambaa kichwani na kuni kidogo mkononi. Mimi ndiye niliyemnyoa mama. Nilitumia wembe na maji ya sabuni, na nywele zake zilianguka zikiwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani. Hakulia. Mwanamke mmoja, katekista wa parokia, aliomba. Halafu rafiki wa mama akasema, "Tuambie huyo muntu alikuwa nani, maana sisi hatukumujua."

Mama akaanza kusema. Alisema bwana yake alikuwa mbishi. Alisema alikuwa anapima suruali za watu kwa macho, akikataa utepe, na kila mwezi kulikuwa na mtu anayerudi na suruali iliyombana. Wanawake walicheka. Alisema alikuwa anaogopa ngurumo. Alisema yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia bwana yake kwamba anajua kuogelea, kwa sababu watu wa mlimani wangesema ameoa mvuvi.

Kisha wakanigeukia mimi, niseme neno. Nilifungua mdomo, nikasema, "Baba anapenda..." Nikanyamaza. Wote walikuwa wananingoja. "Baba alipenda pilipili," nikasema, na neno lile dogo likanivunja. Nililia mpaka nikashindwa kupumua. Na wale wanawake wakalia pamoja nami, na nilijua kwamba si kwa baba yangu tu. Kila mmoja alikuwa na wa kwake, aliyebaki njiani, msituni, majini. Mmoja alikuwa anataja jina la mtoto. Baraza lile liliwapokea wote.

Tulikaa siku mbili zaidi, tukapanda kurudi Fizi. Mama alifunga kitambaa kichwani, lakini alipoingia uani kwa baba mukubwa alikifungua mwenyewe, akasimama mbele yake na kichwa kitupu.

Baba mukubwa alikuwa anasuka kikapu. Mikono yake ilisimama.

"Nani alikuambia?" aliuliza. Kwa nukta moja niliona woga usoni mwake, kwamba labda tumepata habari ya kweli.

"Hakuna mwenye aliniambia," mama alisema. "Mi nimejiambia."

Hakupiga kelele. Alisema mama amemuua mdogo wake, akaingia ndani. Hakumsemesha kwa muda mrefu. Salamu zilipitia kwangu. Mama aliumia, nilimwona, lakini alikuwa analala usiku, na mlango ukilia alikuwa anasema tu, "Angalia ni nani."

Baadaye mapigano yalipanda mpaka kwetu, na sisi wote tukavuka ziwa kwa mtumbwi, tukafika kambini upande wa Kigoma, kule kule ambako baba mukubwa alikuwa amemweka baba yangu kwa maneno yake miaka yote. Aliuliza kambi nzima. Kila wakimbizi wapya walipoletwa alikwenda kuketi kwenye jiwe karibu na mahali pa kuandikishia, akiuliza habari za fundi wa kushona kutoka Fizi, mrefu, mbishi. Hakuna aliyemjua. Aliendelea kwenda mpaka miguu yake ilipokataa, na alikufa kule kambini bila kukubali.

Nimejiuliza mara nyingi nani kati yao alimpenda baba zaidi, na sasa nimeacha kuuliza. Mama mwenyewe hakuwahi kumwambia baba mukubwa aache. Siku za watu wapya alikuwa anachemsha chai, anampelekea kule kwenye jiwe. Anaketi naye mpaka kikombe kinaisha, wanatazama watu wakishuka kwenye malori, na wakati mwingine mama ndiye anayesema, "Yule mwenye kofia, umemuuliza?"