Tepu ya Watu Wawili

Mke wangu ni muuguzi wa watoto mahututi. Kazini wanamwita Fundi Cherehani kwa sababu ya tepu anayoning'iniza shingoni. Mzazi mmoja aliwahi kumuuliza kama yeye ndiye anayeshona mashuka ya wodi, mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta.

Tepu hiyo ina kazi nzito. Mtoto akishindwa kupumua, mashine humpumulia, na lazima mtu aipangie mashine hewa ya kila pumzi. Ikizidi, mapafu yanachanika. Kiasi hufuata uzito, lakini mtoto mgonjwa huvimba maji, na mizani huyahesabu maji kama nyama. Ndiyo maana mke wangu hupima urefu, kisha urefu humpa uzito ambao mtoto angekuwa nao akiwa mzima. Mtoto mwenye mipira mdomoni hapimwi na mtu mmoja: mmoja anashika kichwa, mwingine ananyoosha miguu na kusoma.

Aliyemshikia kichwa siku zote alikuwa wifi yake, dada yangu wa tumbo moja. Mke wangu ndiye aliyemfundisha kazi, na ndiye aliyemwombea nafasi wodini. Walikuwa chanda na pete. Nikilalamika kwamba nimeoa mmoja nikapata wasimamizi wawili, walinigeukia wote kwa pamoja.

Siku moja, kabla hawajampima mtoto mmoja, mke wangu alikwenda kupokea mgonjwa mwingine, dada yangu akaona uvivu kumsubiri. Akachukua uzito wa mizani, maji na vyote, akaipangia mashine kwa huo. Haukupita muda pafu la mtoto likaanza kuvuja, madaktari wakamtoboa ubavu kutoa hewa. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kikaoni daktari mkuu alipouliza nani aliweka kipimo, dada yangu alijibu bila kupepesa macho:

"Nilikikuta tayari. Wifi ndiye huwa anasoma."

Mke wangu alikataa katakata. Akaulizwa shahidi wake ni nani. Siku zote shahidi wake alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo aliyekaa mbele yake akitazama kucha zake. Wakamwondoa kwenye vitanda alivyovipenda, wakampeleka kliniki ya chanjo.

Mama yangu akaniambia, "Yaishe, mwanangu, hao ni ndugu." Yaishe vipi? Nina hasira na dada yangu mpaka leo, wala sifichi. Mke wangu hakukasirika. Alikaa jikoni, sufuria ikaungua mbele yake.

"Angekosea tu, ningemtetea," alisema. "Mimi huyu. Ningesimama nimtetee."

Juzi dada yangu alimfuata kliniki, anahema.

"Wifi, kuna mtoto amevimba mwili mzima. Wenzangu wanaogopa kumnyoosha. Njoo, nakuomba."

Mke wangu alitoa tepu mkobani, akamfuata. Walipofika kitandani dada yangu akaanza:

"Wifi, yale ya kikaoni..."

"Shika kichwa."

Akainyoosha miguu polepole, akasoma kimoyomoyo. Kabla hajamruhusu mtu kugusa mashine, alimwita muuguzi wa kitanda cha jirani.

"Dada, njoo usome na wewe. Kwa sauti, wote wasikie."

Dada yangu hakuweza hata kujifuta machozi, maana mikono yake ilikuwa imeshika kichwa cha mtoto. Mke wangu alisubiri namba isomwe, akakunja tepu yake, akarudi kuchanja.