Meza ya Kioo ya Baba Mkwe

Nichekeni tu, nimestahili. Jumapili iliyopita nilikwenda Ruhuwiko kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Anjela. Baba yake aliposikia "mwalimu", akaamua mwenyewe kwamba nafundisha kemia. Mimi, mkweli wa kupigiwa mfano, nikanyamaza.

Akanionyesha meza yake mpya ya kioo. "Mwalimu, kioo hiki kitadumu?"

Nilikuwa nimetazama nusu ya video kwenye simu, basi usomi ukanifurika. "Baba, kioo ni kigumu, lakini chembe zake hazijajipanga safu kwa safu kama za chumvi. Zimekaa shaghalabaghala, kama watu sokoni. Na hiki kimepashwa moto kikapozwa ghafla, kwa hiyo uso wake umejibana. Hakivunjiki!"

Nikachukua mchi wa kinu uliokuwa kando ya mlango, nikagonga katikati. Kioo kizima! Wakapiga makofi. Mwenye akili angekaa chini. Mimi nikagonga na ukingoni.

Meza nzima ikamwagika sakafuni kama punje za mahindi, pamoja na kuku niliyechinjiwa.

"Kemia gani hiyo, mwalimu?" mzee akauliza taratibu.

Anjela alikuwa ameinama, anaokota vioo kwenye mchuzi. "Baba," akasema, "huyu anafundisha Historia."