Mtoto Hukua kwa Kutumwa

Fomu ilikuwa ya karatasi moja. Juu paliandikwa jina la binti yangu, katikati, kwa kalamu nyekundu, kwamba ukuaji wake wa akili uko nyuma ya umri, na chini pakaachwa nafasi ya saini ya mzazi. Nikisaini, binti yangu wa miaka sita angewekwa darasa la awali na watoto wa miaka minne, na maneno yale yangemfuata kwenye faili kila shule atakayokwenda. Nisiposaini, alisema mwalimu wa awali, darasa la kwanza hawampokei. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba. Nilikuwa na hasira, lakini nitasema ukweli: siku ile aibu ilizidi hasira.

Aibu kwa sababu mimi mwenyewe ni mwalimu. Chuoni nilisoma hatua za ukuaji wa mtoto, nikazikariri kama sala: umri huu anashika, umri huu anataja, umri huu anahesabu. Nilifaulu vizuri tu. Wakati mimi nakariri, binti yangu alikuwa kijijini Kigwa kwa mama yangu, maana hakuwa ametimiza miaka miwili nilipopata nafasi ya chuo, na baba yake alishajiondokea zamani. Nilipopangiwa kazi Tabora mjini, nikapata vyumba viwili mtaa wa Chemchem, nikapanda treni kwenda kumchukua. Alikuja na kifurushi cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na adabu nyingi.

Shuleni walimpima kwa kadi za picha. Kadi ya kuku: "Huyu ni nani?" Kimya. Kadi ya sufuria, kimya. Kadi ya ndoo, kimya, macho chini, mikono nyuma. Mtoto aliyelala miaka minne na kuku uvunguni mwa kitanda chake hakuweza kumtaja kuku!

Basi nikafanya nilivyofundishwa. Nikamkalisha sebuleni, nikainua kikombe.

"Hiki ni nini?"

Akanitazama kidogo, akakichukua, akakisuuza, akaniletea maji ya kunywa huku amepiga goti. Nikainua ufagio. Akaupokea, akafagia sebule, na sebule ilikuwa imeshafagiwa. Siku ya tatu uvumilivu ukaniisha. Nikashika kijiko mbele ya pua yake nikapiga kelele: hiki ni nini, hiki ni nini! Akalia bila kutoa sauti. Najuta mpaka leo.

Nikampigia mama simu, nikalalamika kwamba mjukuu wake haongei.

"Haongei? Huyo? Siku ile unakuja kumchukua kaniambia mboga chumvi imezidi."

Nikamweleza habari ya kadi. Akaniuliza:

"Sasa huyo mwalimu kuku hamjui?"

"Anamjua, mama. Anampima mtoto."

"Kama anamjua, anauliza nini? Mtu mzima akikuuliza kitu anachokijua, anakutega huyo. Hapa nikishika mfupa nikauliza 'hiki ni nini', kila mtoto anajua kuna nyama imeibwa chunguni. Wewe umekulia humu humu, umesahau? Huyo mtoto kawakosea nini huko?"

Nilikuwa nimesahau kweli. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniambia nitaje kitu. Mtoto wetu hukua kwa kutumwa. Kwanza anatumwa humo humo uani, alete kigoda. Halafu anatumwa kwa jirani na kitu mkononi, na kitu kifike. Halafu anatumwa na maneno matupu, ayafikishe yote na arudi na jibu. Hatua ya mwisho ni anapotumwa akakuta mambo yamebadilika huko, akatumia akili yake. Akifika hapo mama husema, "Huyu sasa unaweza kumtuma," na sijawahi kumsikia akimsifu mtu zaidi ya hivyo. Babu yake mama alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu za watu kutoka huku mpaka pwani na kurudi kwa miguu, na mama anasema mzigo uliozishinda pembe zote kwa uzito ulikuwa ujumbe, kwa sababu ujumbe ukipungua njiani huwezi kusema umeibiwa. Hatua hizo nne hazikuwa kwenye daftari langu la chuo. Nikawakumbuka watoto watatu wa mazoezi yangu ya kufundisha, watoto wa vijijini, kimya, macho chini. Wote watatu niliwaandika nyuma ya umri, na kalamu yangu pia ilikuwa nyekundu.

Hapo ndipo aibu ilipoisha nikabaki na hasira peke yake, na hasira safi ni nzuri kuliko chai asubuhi. Jumatatu nikamshika binti yangu mkono, tukaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, mzee aliyekaribia kustaafu. Mwalimu wa awali aliitwa naye.

"Shikamoo, mwalimu mkuu. Fomu hii hapa. Sisaini."

"Marahaba. Mama, wewe ni mwenzetu. Utaratibu unaujua."

"Naujua sana. Ndiyo maana sisaini."

"Dada," akasema mwalimu wa awali kwa upole, "usimuonee haya mtoto. Kukubali ndiyo hatua ya kwanza ya kumsaidia."

"Hatua nimezisoma hizo hizo ulizosoma wewe. Mwalimu mkuu, naomba umtume."

"Nimtume wapi?"

"Popote. Ila kwa jambo unalolihitaji kweli."

Mzee akacheka, akamwinamia binti yangu. Amwendee mwalimu wa stoo, chumba cha mwisho kule ng'ambo ya uwanja. Amwambie ampe ufunguo wa stoo, na chaki boksi mbili, na mwalimu mwenyewe akimaliza kipindi aje ofisini. Hakurudia. Binti yangu akaitika, akatoka mbio.

Tukabaki tunatazamana. Sitajifanya shujaa: niliogopa. Shule hiyo hakuijua vizuri, mwalimu huyo hakuwahi kumwona, na kama angepotea uwanjani, mimi ndiye ningekuwa nimemmaliza kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa awali alitazama saa mara mbili.

Akarudi na ufunguo na boksi moja. Akapiga goti, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Chaki imebaki boksi moja. Nyingine zinakuja Ijumaa. Amesema atakuja akimaliza kipindi." Akasita. "Lakini hana kipindi. Anakula muhogo."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu wa awali hakucheka. Nadhani alikuwa na nia njema, maana alichuchumaa kabisa akawa sawa na mtoto, akatoa kadi yake ya kuku na kuuliza kwa sauti laini:

"Haya, mama, si unaongea vizuri tu. Huyu ni nani?"

Nikaiona mikono ya binti yangu ikirudi nyuma. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akainamisha kichwa.

"Mimi sikumchukua," akasema.

Mwalimu wa awali aliendelea kuchuchumaa pale pale na kadi yake mkononi, na mimi nikamvuta mwanangu nikamkumbatia, machozi yananitoka mbele ya wakubwa wa shule na sijali. Mwalimu mkuu akavaa miwani yake, akavuta fomu, akafuta maneno mekundu kwa mstari mmoja mrefu, akaandika kwamba aanze darasa la kwanza kwa majaribio.

Ni nani anayejaribiwa, sikuuliza. Niliomba kalamu. Nafasi ya saini nikaiacha wazi kama ilivyokuwa, na pembeni yake nikaandika kwa herufi kubwa: MUULIZENI MSICHOKIJUA.