Mwaka Baba Alipoilaza Bustani ya Mama

Juzi, asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, nilishuka basi mjini Sultan Hamud kutafuta chai ya moto. Nyuma ya duka, mama mmoja alikuwa ameinama akitandaza nyasi kavu kwenye mashina ya sukuma wiki. Harufu ya samadi ya mbuzi iliyolowa umande ikanifikia pale niliposimama na kikombe, na mara sikuwa tena Sultan Hamud. Nilikuwa kwetu, kwenye vilima vya upande wa mji wa Wote, msichana wa darasa la nne mwenye sweta iliyofumuka mikono.

Wewe uliyekulia Ukambani unajua. Mvua ikishaisha, mbingu hujifunga ukungu, baridi inakaa mpaka saa nne, halafu kinakuja kile kiangazi kirefu. Ndipo mama alipokuwa akiilaza bustani yake. Kilikuwa kipande kidogo tu nyuma ya jikoni: kunde, sukuma, malenge, na mpapai mmoja uliopinda. Alichuma majani ya mwisho ya kunde, akayachemsha kidogo na kuyaanika kivulini juu ya gunia. Mbegu alizichanganya na majivu, akazitia kwenye kibuyu. Sukuma alizipunguza zikabaki na majani mawili matatu kileleni, akamwaga samadi, akafunika udongo kwa nyasi. "Bustani nayo hulala," alizoea kutuambia, "na anayelala hufunikwa." Mimi na dada yangu tulibeba nyasi vichwani, zikituingia shingoni na kutuwasha siku nzima.

Mwaka huo wa darasa la nne mama hakuwepo. Susu, mama yake, aliugua huko kwao Zombe, na baba hakutaka aende. Niliwasikia jikoni.

"Nani atabaki na hawa watoto?" baba aliuliza.

Mama akajibu polepole, "Si wako na baba yao?"

Asubuhi aliondoka na kikapu chake. Baadaye habari zikafika kwamba susu amepata nafuu, lakini mama hakurudi. Kisimani wanawake walinyamaza tulipokaribia, na jirani yetu akaanza kutushika kichwa kila alipotuona, kama watu wanavyowashika watoto matangani.

Baba alikuwa mwashi. Mikono yake ilijua mawe. Mboga alizijua zikiwa kwenye sahani. Jumamosi moja tulimkuta amesimama nyuma ya jikoni, akiitazama bustani iliyoanza kusinyaa.

"Mama yenu huanza na nini?" akauliza.

"Kunde," dada akasema.

Tukaanza na kunde. Majani aliyachemsha mno, yakageuka uji, tukacheka kwa mara ya kwanza tangu mama aende. Halafu akatoa uzi wake wa kazi, akaufunga kwenye vijiti viwili, akatandaza nyasi kwa mstari ulionyooka kama ukuta. Kila shina la sukuma alilizungushia mawe madogo, akayapanga moja moja, akirudi nyuma kutazama kama yamekaa sawa.

Jirani akachungulia juu ya ua wa miiba. "Fundi, unazijengea nyumba?"

"Ndiyo," baba akasema bila kuinua uso. "Zinasikia baridi."

Tuliendelea hivyo kila alipotoka kazini. Nazikumbuka siku zile kama ndoto: moshi wa kuni ukichanganyika na ukungu, kengele za mbuzi tusiowaona, muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ukitokota na maharagwe tangu mchana, na baba akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Maji ya kuoshea vyombo hakuna aliyethubutu kuyamwaga ovyo; yalikwenda kwenye mashina, kikombe kwa kikombe.

Mama alirudi mchana mmoja, jua likiwa limetoka. Hakuingia nyumbani. Alizunguka nyuma, kikapu mkononi, akasimama akitazama vile vijumba vya mawe.

"Nani amefanya hii?"

"Ni baba," nikasema. "Na sisi."

Akachuchumaa, akapenyeza kidole chini ya nyasi, akakitoa kimeshika udongo mbichi. Kisha akanituma nichume majani, naye akaenda kuwasha moto. Baba alipofika walisalimiana kama watu waliokutana mlangoni pa kanisa, tukala ugali na sukuma, na hakuna aliyeitaja Zombe. Mashina yale yalivumilia hadi mvua ya mwezi wa kumi na moja.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa ameshazikwa, nilimuuliza mama kwa nini alikawia vile. Tulikuwa tunachambua mbaazi. Hakuinua macho.

"Siku ile niliporudi, nilikuja tu kuchukua nguo zangu," akasema.

Mbaazi zikasimama mikononi mwangu. "Na baba alijua?"

"Hakuniuliza. Alikuta nimeshavua viatu na kuwasha moto."

Sasa mama naye hayupo. Nyuma ya jikoni pamemiminwa saruji, na juu yake limekaa tangi kubwa la maji. Sukuma tunanunua sokoni Wote, zimeshakatwa na kufungwa kwenye mifuko. Maji tunayo mwaka mzima, na sina ugomvi na hilo. Ila mwezi wa sita ukungu hushuka, hukaa, huondoka, na pale kwetu hakuna mtu nje wa kuuona.