Watiri na Karatasi ya Mvua

Siku kifuniko cha sufuria kubwa kilipopotea, Watiri alidhani kimeibwa. Ilikuwa mapema mwaka wa 1968, katika shule ndogo ya harambee ng'ambo ya mto Chania, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini Nyeri. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi. Aliyaacha maharagwe yakichemka wazi, akatoka na mwiko mkononi kumtafuta mwizi.

Alikikuta uwanjani, kimelazwa kwenye nyasi. Kando yake alisimama msichana wa kidato cha pili, Wakonyo, ameshika rungu.

"Nirudishie kifuniko changu!"

"Si kifuniko, Mama Watiri," Wakonyo akasema. "Ni sahani ya nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Wanafunzi wakacheka. Mwalimu Russell akaja mbio kuomba radhi, mwekundu hadi masikioni. Alikuwa kijana Mmarekani aliyekuja kujitolea kufundisha Kiingereza, na alikuwa amechoka kufundisha midomo iliyofungwa. Darasani hakuna aliyethubutu kusema neno. Basi akaamua kuwafundisha besiboli, mchezo wa kwao, kwa sharti moja: uwanjani ni Kiingereza tu. Mpira ulikuwa vipande vya tyubu vilivyozungushiwa kamba ya katani. Mmoja hurusha, mwingine hupiga kwa rungu, kisha hukimbia kuzunguka magunia matatu yaliyojazwa nyasi, ndizo "base", mpaka arudi kwenye kifuniko. Akiukosa mpira mara tatu, ametoka.

Watiri alisimama akatazama mpaka maharagwe yakaungua.

Alikuwa shangazi yangu, dada mdogo wa baba. Aliacha shule darasa la nne, ilipofungwa wakati serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, na tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: kazi ya msaidizi wa wodi katika hospitali ya misheni upande wa Karatina. Kusoma na kuandika aliweza. Kilichomshinda kilikuwa mahojiano, kwa maana Matroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa Mskoti na aliuliza kila kitu kwa Kiingereza. Mwaka wa kwanza ulimi wa Watiri ulikauka, akatoka bila kusema lolote. Mwaka wa pili alijibu kila swali kwa "yes", hata alipoulizwa jina lake. Hospitali haikumchukua mtu aliyetimiza miaka ishirini na minane, naye angeitimiza mwezi wa Juni. Ilibaki nafasi moja, baada ya Pasaka.

Aliyemwingiza mchezoni alikuwa mwalimu mkuu, Moffat Kahiga. Mwalimu Russell alikuwa amegawanya darasa katika pande mbili za watu tisa tisa, lakini Kahiga akakataa.

"Tisa gani hiyo? Kwetu tisa ya watu ni tisa iliyojaa."

"Iliyojaa ni ngapi, Bwana Kahiga?"

"Ni kumi. Lakini watu hatuwahesabu kumi, tunasema tisa iliyojaa. Ukisimamisha tisa tupu, umemwacha mtu nje ya nyumba. Utaniletea balaa shuleni."

Wanafunzi walikuwa kumi na wanane tu. Upande mmoja ukamchukua Muriithi, mlinzi wa lango. Upande mwingine ukamchukua mpishi. Mwalimu Russell alijikuna kichwa, maana mchezo wake haukuwa na kazi ya mtu wa kumi. Mwishowe akamtuma Muriithi nyuma kabisa, kwenye kabeji, aokote mipira iliyopotea. Naye Watiri alipewa daftari na penseli. Kazi yake ilikuwa kuandika kila mpira uliorushwa, na kutangaza kwa sauti, kwa Kiingereza, kilichotokea.

Wiki ya kwanza alitangaza kwa sauti ya mbu.

"Paaza sauti, Mama!" Muriithi alimpigia kelele kutoka kwenye kabeji. "Ama unaongea na maharagwe?"

Wiki ya tatu alisikika mpaka ng'ambo ya mto. Haikuwa vigumu kukumbuka maneno ambayo umeyaona yakitokea. Aliposikia "step up to the plate", hakuhitaji kamusi. Alimwona Wakonyo akisogea kwenye kifuniko, kwa kuwa zamu ni yake na hakuna wa kumpigia. Mwalimu Russell akamwambia kuwa kwao maneno hayo husemwa hata pasipo mpira, mtu anapokubali jukumu lake. Asubuhi alipopita jikoni kusalimia tu na kujua mambo yanaendeleaje, alisema amekuja "to touch base", naye Watiri akaona gunia na mguu unaoligusa kidogo kabla ya kuendelea.

Upande wa kushoto wa uwanja, mbali, ng'ombe wa Kahiga alikuwa akifungwa. Siku moja alikata kamba, akaingia mchezoni na kuukamata mpira kwa mdomo. Mwalimu Russell alicheka mpaka akakaa chini, kisha akawafundisha kuwa jambo lisilotazamiwa hutoka "out of left field". Baada ya siku chache mkaguzi wa shule akafika bila taarifa. Watiri alichungulia dirisha la jikoni, akamwambia Mwalimu Russell kwa Kiingereza, "Ametoka kule kushoto, kama ng'ombe." Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya mzaha katika lugha hiyo. Alishtuka mwenyewe.

Jumamosi moja mvua ikaja kutoka mlimani katikati ya mchezo. Upande wa Watiri ulikuwa nyuma kwa pointi mbili, na Wakonyo ndiye aliyekuwa akishika rungu. Wote wakakimbilia baraza ya jikoni. Wakonyo alikuwa karibu kulia. Mwalimu Russell akachana karatasi za daftari, akaandika juu ya kila moja maneno mawili, "Rain check", na kumpa kila mtu yake. Kwao, akasema, mvua ikivunja mchezo hakuna aliyeshindwa. Unaondoka na karatasi yako, na siku nyingine unaingia nayo.

"Hao wana bahati," Muriithi akasema, akikamua kofia. "Hapa mvua ikinyesha siku ya harusi, bibi harusi hapewi karatasi. Anaolewa na matope yake."

Watiri alicheka, lakini karatasi yake akaiweka ndani ya Biblia.

Siku ya mahojiano aliondoka alfajiri. Alibeba mfuko wenye Biblia, barua ya Kahiga ya kumpendekeza na kiazi kitamu alichoshindwa kukimeza asubuhi. Mahojiano yalikuwa saa nne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na haikuwa imekatika, na kwenye mteremko mmoja basi likazama mpaka ekseli. Abiria walisukuma, halikusogea. Watiri akavua viatu, akakunja sketi, akatembea maili sita zilizobaki.

Alifika saa nane kasoro robo. Benchi la barazani lilikuwa tupu. Karani, Nehemiah Kioko, alikuwa akifunga faili.

"Nimekuja interview," Watiri akasema, akihema.

"Interview iliisha saa sita, mama. Rudi nyumbani."

"Gari ilikwama."

"Hao wengine walikuja na ndege?" Kioko akamtazama miguu, kisha uso. "Ngoja. Si ni wewe ule wa mwaka jana? Yule wa yes, yes, yes?"

Mlango ukafunguliwa, Matroni akatoka na mwavuli, akielekea nyumbani kwake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi, asiyependa kusimamishwa njiani. Watiri alinisimulia kwamba wakati huo hakuona hospitali. Aliona kifuniko cha sufuria kwenye nyasi, na hakuna mtu mwingine wa kukisogelea.

"Madam," akasema kwa sauti ya uwanjani, "naomba rain check."

Matroni akasimama. "Unaomba nini?"

Huko Uskoti hawachezi besiboli. Maneno ambayo kila Mmarekani huyajua, yeye alikuwa hajawahi kuyasikia. Basi Watiri akamweleza. Alianza na mvua, akaona haiwezekani kueleza mvua bila mchezo, akarudi nyuma, akachora magunia kwa kidole chenye matope kwenye saruji ya baraza. Alimweleza mrushaji, mara tatu, kifuniko, kabeji, hata ng'ombe. Kiingereza chake kilikuwa na mashimo, lakini kila alipofika kwenye shimo alilizunguka na kuendelea. Kioko alikuwa ameacha kufunga faili.

"Na nani huamua kwamba mvua imetosha kuvunja mchezo?" Matroni akauliza.

"Mwamuzi, Madam. Anatoa mkono."

Matroni akanyoosha mkono nje ya paa. Maji yakammwagikia mpaka kwenye kiwiko.

"Na wewe? Unacheza wapi?"

"Mimi ni mtu wa kumi, Madam. Ninaandika. Kila kitu, wakati kinapotokea."

"Kila kitu?"

"Kila mpira."

Matroni akaupangusa mkono kwa leso. Alisema kuwa kwa miaka miwili ametafuta mtu wa kuandika joto la wagonjwa wakati linapopimwa, siyo jioni kwa kukumbuka.

"Bwana Kioko, andika jina lake."

Watiri akafungua Biblia, akatoa karatasi na kumnyooshea kwa mikono miwili. "Nirudi lini kwa mahojiano, Madam?"

"Mahojiano gani?" Matroni alikuwa ameshafungua mwavuli. "Umekuwa ukijibu maswali yangu kwa robo saa. Njoo Jumatatu, kazini. Na uje na viatu."

Alienda zake mvuani. Watiri alikaa kwenye benchi. Kioko akamwandika, akauliza herufi za jina mara mbili, kisha akakohoa.

"Mama, usichukie. Nilikuwa natania tu."

"Niko na viatu," Watiri akamwambia. "Ziko kwa mfuko."

"Nimeziona. Lakini hiyo ng'ombe, kweli ilikula mpira?"

"Haikula. Iliutema."

Kioko akacheka, akamletea chai ya maziwa katika kikombe cha hospitali. Hapo ndipo Watiri alipohisi njaa ya tangu jana. Akatoa kile kiazi kitamu, kilichopoa na kulowa upande mmoja, akakila chote, hata ganda.