Jina Lisilo na Namba

Nilizaliwa katika kambi ya polisi mjini Jinja. Baba alikuwa wa kabila la Teso, mama wa kabila la Lango, na Kiswahili ndicho kilichokuwa katikati yao, lugha ya uani na ya sahani. Tukienda sokoni tulishusha sauti, kwa kuwa watu wengi wakikisikia Kiswahili walikumbuka bunduki za wanajeshi waliokisema. Nyumbani tulikipaaza bila woga.

Kazi ya baba ilikuwa redio. Alikaa katika chumba kidogo chenye dirisha moja na kuita vituo vingine, Tororo, Iganga, Mbale. Nilipokuwa mdogo niliruhusiwa kusimama mlangoni nikinyamaza. Niliona kwamba hakuanza kamwe na habari. Aliita kwanza, akasubiri aitikwe, ndipo akasema, kisha akasubiri tena mwenzake amwambie amepata. Siku moja nilimuuliza kwa nini harushi maneno yote mara moja amalize.

"Ukirusha kabla hajaitika, umesema na ukuta," alinijibu. "Na asipokwambia amepata, hesabu kwamba hajapata. Unarudia."

Miaka mingi baadaye, baba akiwa amestaafu na kujenga nyumba Mafubira, nje ya mji, mimi nilikuwa karani katika shirika la kulinda chemchemi za maji, ofisi ya Jinja. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Fundi mmoja alitoka Kampala akatufungia modemu, kijisanduku kilichopiga kelele kupitia waya wa simu kama jogoo aliyekabwa. Alipokuwa akitueleza jinsi kompyuta mbili zinavyoongea, kwamba moja inaita, nyingine inaitika, ya kwanza inathibitisha kuwa imesikia, ndipo habari zinatumwa vipande vipande na kila kipande kinakiriwa kupokewa, wenzangu walikunja nyuso. Mimi nilikuwa naona chumba cha redio.

Lakini alisema jambo jingine ambalo sikuwahi kulisikia. Kompyuta hazijui majina. Kila moja ina namba yake, na majina tunayoandika ni kwa ajili yetu sisi watu, tunaosahau namba. Kwa hiyo kuna mashine ambazo kazi yao ni kuulizwa tu: jina hili, namba yake ni ipi? Zikijibu, safari inaanza. Zisipojibu, hakuna safari.

"Na mashine hiyo isipojua?" nilimuuliza.

"Inauliza mkubwa wake. Naye anauliza mwingine. Wote wasipojua, jina hilo halipo."

Kabla hajaondoka alinionyesha amri ya kuita mashine ya mbali na kuona kama inaitika, na baada ya muda gani. Wanaiita ping. Akanionyesha na nyingine inayoandika kila kituo ambacho wito wako unapita. Baada ya hapo mapumziko yangu ya mchana yaliishia hapo. Niliita chuo kikuu cha Kampala, nikaita maktaba za Ulaya, nikaita mahali popote ambapo jina lake nililiona gazetini. Mkubwa wangu alisimama nyuma yangu siku moja.

"Unafanya nini?"

"Naita watu, bwana."

"Wanasema nini?"

"Hawasemi kitu. Wanaitika tu."

Alitikisa kichwa akaenda zake. Baada ya wiki chache ofisi yetu ya Mbale nayo ilipopata modemu, ni mimi aliyenituma kwenda kuwaonyesha.

Mwenyeji wangu Mbale alikuwa karani mwenzangu, mwanamke Mwislamu wa rika langu, mjukuu wa askari aliyeletwa kutoka Sudan zamani za Waingereza. Aliishi Nkoma na mama yake, nami nikalala kwao. Tulielewana upesi, kwa kuwa wote wawili tulikuwa tumekua tukisema Kiswahili katika mji usiokipenda. Alikuwa mchapakazi na mcheshi, ila niliona kwamba kila modemu ilipounganisha alikwenda dirishani akaniachia kiti.

Siku ya pili, tukila chakula cha mchana, nilimuuliza kama hiyo mashine inamtisha.

"Hainitishi," alisema. "Imeniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia."

Ndipo akanieleza. Dada yake mkubwa alikimbia nchi serikali ya wanajeshi ilipoanguka, akiwa msichana. Alivuka kuingia Kenya, na baada ya hapo hawakumsikia tena. Miezi michache kabla ya mimi kufika, mtu wasiyemjua alipiga simu kutoka Nairobi kwa jirani yao pale Nkoma, mwenye simu pekee mtaani. Alisema amekutana na dada huyo ng'ambo, mzima, anafanya kazi chuoni, na akataja anwani yake ya barua pepe. Laini ilikuwa mbovu. Jirani aliandika anwani, na kabla hajamkimbilia mama, simu ikakatika. Mtu yule hakupiga tena.

"Modemu ilipofungwa tu, kabla hujaja, nilimwandikia," akasema. "Barua ikarudi. Kwa hiyo hayupo. Mama sijamwambia hivyo. Nimemwambia bado tunangoja."

Nilimwomba anionyeshe barua iliyorudi. Alikuwa ameihifadhi. Nilisoma yale maneno ya Kiingereza makavu yaliyoandikwa na mashine, nikayasoma tena.

"Hii haisemi kwamba hayupo," nilimwambia. "Barua haikufika hata getini. Inasema jina la mahali lenyewe halijulikani. Mahali pangejulikana na mtu akakosekana, ingekuja na maneno mengine."

Alivuta kiti chake. "Nionyeshe."

Tulianza na laini yetu. Niliita mashine ya Kampala kwa namba yake, ikaitika. Basi waya ni mzima. Niliita chuo kingine cha ng'ambo kwa jina, namba yake ikatokea, nacho kikaitika. Basi wale wanaoulizwa majina wako kazini. Kisha tukaandika jina la mahali pa dada yake kama lilivyokuwa kwenye anwani. Tulijibiwa kwamba halijulikani. Tukaongeza nukta, tukaondoa nukta, tukajaribu herufi za mwisho za nchi nyingine. Halikujulikana. Tulibaki tumeitazama ile karatasi ya jirani, mwandiko wake mzuri wa mtu aliyesoma shule ya misheni.

Alasiri mama wa mwenzangu alikuja ofisini kutuletea chai ya tangawizi kwenye chupa, na huyo jirani alikuwa amemsindikiza. Jirani alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, Mgisu aliyehamia mjini kutoka Busiu. Alituona tumeinamia mwandiko wake.

"Balua yake bado haijaludi?" aliuliza kwa huzuni.

Mwenzangu aliniangalia, nami nikamwangalia. Hatukucheka.

"Mama," mwenzangu akamwambia jirani kwa upole, "hebu lisome hilo neno la katikati kama yule mtu alivyolitamka."

Alilisoma. Lilikuwa na herufi l mahali pawili, na zote mbili alizitamka sawasawa.

"Zote zilikuwa hivyo? Hakuna iliyokuwa nzito kidogo?"

"Binti yangu, kwangu hizo ni moja," jirani alisema. "Mwalimu alinichapa sana kwa ajili ya hizo, hakufua dafu." Kisha akaelewa tulichokuwa tukimuuliza, akaweka mkono kifuani. "Nimewapoteza?"

"Hujapoteza mtu," mama wa mwenzangu alimwambia. "Kaa."

Nilibadilisha herufi ya kwanza, nikaandika r. Halikujulikana. Nikairudisha l yake, nikabadilisha ya pili. Kompyuta ilinyamaza kiasi cha kututia wasiwasi. Kisha, pembeni ya jina, ikaandika namba. Baada ya namba majibu yakaanza kushuka, moja, jingine, polepole, kama watu wanaotoka msikitini.

Mama alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Ndiye huyo anajibu?"

"Hapana, mama. Ni mashine ya mahali anapofanya kazi. Inasema ipo."

"Basi mahali papo," alisema, akakaa.

Mwenzangu aliandika barua upya palepale. Alifuta mara nyingi. Tulipoituma, mama hakutaka kuondoka. Alitaka kuona imepita wapi. Nilitumia ile amri ya kuandika vituo. Mstari wa Kampala ulitokea haraka, kisha mstari uliofuata ukachelewa sana, na nikamweleza kwamba hapo wito umepanda kwenye setilaiti. Baada ya hapo yalikuja majina yenye vipande vya miji ya Amerika.

"Na ya kutoka hapa kwenda kwenu Jinja?" aliuliza.

Sikuwa nimewahi kujaribu. Ofisi yetu ya Jinja ilitumia kampuni nyingine ya Kampala, kwa hiyo niliita mashine inayotutunzia barua, nikitegemea mistari mitatu au minne. Wito ulitoka Kampala, ukapanda setilaiti, ukaingia Amerika, ukazunguka huko, ukapanda tena, ukarudi Kampala. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Kampuni hizo mbili zilikuwa katika mji mmoja na hazikuwa na waya kati yao. Kila barua ambayo ningemwandikia mwenzangu kuhusu mabomba na saruji ingevuka bahari kwenda na kurudi. Nilikaa nikiutazama ule mstari kwa mshangao wa kweli. Mama naye hakushangaa hata kidogo.

"Watu wa kwetu ndivyo wanavyosafiri," alisema, akamimina chai.

Barua haikurudi siku ile, wala kesho yake. Nikarudi Jinja. Nilimweleza baba habari yote, na yeye aliuliza jambo moja tu, kama upande wa pili umekwishakiri kupokea. Nilimwambia bado. "Basi bado," akasema.

Jibu lilifika wiki iliyofuata, na mwenzangu alinipigia simu anisomee. Lilikuwa fupi. Dada yake hakuamini. Alikuwa amewahi kuandikiwa na matapeli waliojifanya jamaa zake, na jina juu ya barua halikumtosha. Aliuliza swali: mlango wa nyumba yetu ya kwanza, kule kambi ya wanajeshi, ulikuwa wa rangi gani?

"Mimi nakumbuka kijani," mwenzangu aliniambia. "Nilikuwa mdogo. Nimeandika kijani, lakini sijatuma. Namngoja mama."

Nilimsikia akifunika simu kwa mkono na kuuliza. Sauti ya mama ilisikika kwa mbali, bila kusita.

"Anasema nyumba haikuwa na mlango," mwenzangu akarudia. "Anasema lilikuwa blanketi la jeshi, na dada ndiye aliyelitoboa akichungulia wageni."

Waliandika hivyo hivyo. Safari hii jibu lilikuja siku ileile, na ndani yake hamkuwa na swali, bali ombi la namba ya simu. Jirani alitoa yake. Aliitamka mwenyewe, tarakimu baada ya tarakimu, mwenzangu akiandika, kisha akaomba asomewe tena mpaka mwisho. Jioni hiyo mama alivaa gauni la Idi, akaenda kukaa sebuleni kwa jirani, kiti chake kikiwa kimegusana na meza ya simu.