Namba Iliyokwenda kwa Marehemu

Usiku ule Kokushubira alilala na simu kifuani. Kitochi chake, simu ndogo ya vibonye, kilipanda na kushuka kila alipopumua, na kila mbwa wa jirani alipobweka alikishika akidhani kimetetemeka. Hakikutetemeka. Chumba cha pili Renatha, kitindamimba wake, alikohoa akageuka, na mama mtu akaketi kitandani kusikiliza kama hicho ni kikohozi cha vumbi au ni homa inarudi. Mwaka ule mtoto alikuwa amelazwa mara mbili kwa homa ya matumbo. Daktari aliuliza nyumbani wanakunywa maji ya wapi. Kokushubira alimjibu ukweli: ya Kyarurama, chemchemi ya bondeni, ambako ng'ombe hunywa na watu huchota palepale.

Ni chemchemi hiyo iliyomkosesha usingizi. Serikali ilikuwa imetangaza ruzuku kwa vikundi vinavyotunza vyanzo vya maji: uzio, tangi, na bomba la kupandisha maji hadi vitongojini. Zamani ungepeleka barua kwa mtendaji, ukamsalimia, ukarudi wiki inayofuata kumkumbusha. Sasa hakuna mtu wa kumsalimia. Kila kitu kinapita kwenye mfumo, huko mtandaoni, na mfumo ulikuwa unafungwa kesho yake saa kumi jioni. Kikundi chao, hapo kijijini Kimuli, kilikwisha tuma ombi, ila jibu lilikuwa bado. Yeye, aliyeishia darasa la saba, alikuwa makamu mwenyekiti. Mwenyekiti mwenyewe, Polikarpi, walimzika baada ya Pasaka.

Simu iliita alfajiri, akiwa anapuliza moto. Alikuwa Joanitha, binti yake mkubwa, anayefanya kazi kwenye duka la steshenari pale senta. Ndiye aliyewaandikia ombi lao.

"Mama, limerudishwa."

"Wamekataa?"

"Hawajakataa. Wanataka tusahihishe kitu. Njoo, nampigia na afisa."

Mtandao ulisumbua hadi mchana. Waliketi dukani wakiitazama kompyuta ikizungusha kiduara chake, Joanitha kwenye kiti, Kokushubira kwenye boksi la karatasi, na Nestory, afisa maendeleo ya jamii wa kata, akiwa amesimama na helmeti yake mkononi. Nestory ni kijana wa Muleba, mcheshi, lakini siku ile hata yeye alikuwa anatazama saa. Ukurasa ulipofunguka, aliweka kidole juu ya kioo.

"Mama, hapa kwenye ombi kikundi kinaitwa Kyarurama. Benki kinaitwa Kyalurama. Umeona?"

Kokushubira alisogea karibu. "Kyarurama," alisoma la kwanza. "Kyarurama," alisoma la pili. "Sasa tofauti iko wapi?"

Nestory alicheka. "Ninyi Wanyambo mtaniua. Hii R, hii L!"

"Kwani ninyi Wahaya mnaiona?"

"Hata sisi tunabahatisha," alikubali. "Ila mfumo hausikii, mama. Unasoma."

Siku ya kufungua akaunti wajumbe wote walilisoma jina lile kwa sauti, na hakuna aliyeona kasoro. Joanitha aliitoa herufi moja akaweka nyingine, na Kokushubira akashusha pumzi. Kumbe hapo ndipo mambo yalipoanza. Kioo kilibadilika, maneno mapya yakatokea, na Joanitha akajishika mdomo.

"Inasema namba ya kuthibitisha imetumwa kwenye simu ya mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni mimi sasa."

"Kwetu ni wewe, mama. Humu bado ni Mzee Polikarpi."

Nestory alieleza upesi upesi. Kubadilisha jina la mwenyekiti kunahitaji muhtasari wa kikao, barua ya kijiji, barua ya kata. Si kazi ya leo. Lakini namba ikishatumwa inadumu nusu saa, na ikipita unaomba nyingine. Mtu mwenye laini ya marehemu akiisoma tu, basi, yamekwisha.

"Laini anayo nani?" Nestory aliuliza.

Mama na binti walitazamana, kwa sababu walijua. Anayo Benadeta, mjane wa Polikarpi, na Benadeta alikuwa amefunga mlango wake. Hakwenda sokoni, jumuiya hakuonekana, na watu waliopita kumjulia hali waliishia uani.

"Mnisubiri," alisema Kokushubira. Akapanda bodaboda bila kuuliza bei, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Nyumba ya Polikarpi iko katikati ya kibanja, migomba mbele, kahawa nyuma. Kahawa ilikuwa imeiva na kuanguka chini bila mtu wa kuichuma. Alipiga hodi. Alipiga tena.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama Joanitha. Benadeta, waitu, ndugu yangu, nina shida na simu ya marehemu. Kuna ujumbe wa kikundi umeingia…"

"Rudi kwenu."

"Ni namba tu. Usome, unitajie."

"Aliyekuja kuomba baiskeli naye alikuja kwa maneno mazuri," ilisema sauti ya ndani. "Aliyekuja kuazima mashine ya kumenya kahawa alinikumbatia akalia. Vyote viko kwa Dastan. Mwambie aliyekutuma simu haipo."

Kokushubira alifungua mdomo aseme hajatumwa na mtu, na hapo hapo akasikia viatu vya mpira nyuma yake. Dastan, kaka wa marehemu, alitokea kati ya migomba, panga mkononi, akitabasamu kama mtu aliyealikwa.

"Shemeji Mama Joanitha! Umefanya vizuri kuja. Wewe ukimwambia atakusikia."

Alilisema kwa sauti ya kufika ndani. Kokushubira alijua Benadeta ameshasikia, na kwamba kila neno lake la kabla limeharibika.

"Nimekuja kwa shida ya kikundi," alisema.

"Najua. Nestory amenipigia kuniuliza kama simu ninayo mimi." Dastan alikaribia, akashusha sauti. "Mlango huu ni mbao za mkaratusi tu. Nina vijana wawili pale kwangu. Simu ni mali ya ukoo. Ikitoka, namba yako unapata dakika ile ile. Saa ngapi wanafunga?"

"Saa kumi."

"Sasa ni saa tisa imepita. Unangoja nini?"

Kokushubira alimwona Renatha mawazoni, kwenye kitanda cha wodi, midomo imekauka, akiomba maji, naye akiogopa kumpa. Alizijua nyumba zote za kule bondeni zenye mtoto wa namna hiyo. Neno moja tu, hata kutikisa kichwa kungetosha. Na kesho kila mtu angesema tangi limepatikana, hakuna ambaye angeuliza mlango ulifunguliwaje. Aliutazama ule mlango. Chini yake, kwenye upenyo, kivuli cha miguu miwili kilikuwa kimesimama bila kusogea.

Akageuka, akaketi kizingitini, mgongo wake ukaegemea mbao.

"Mlango huu una mwenyewe," alisema. "Asipofungua, nitakaa hapa hadi saa kumi ipite, halafu nitakwenda zangu."

Dastan alicheka, lakini si sana. "Watoto wenu wataendelea kunywa mkojo wa ng'ombe, mjue mliyataka. Mimi nakwenda kuwaita vijana."

Viatu vya mpira vikaondoka. Kokushubira alibaki ameketi. Alitazama simu yake, akaigeuza isimwonyeshe saa, kisha akaigeuza tena.

"Haina chaji," ilisema sauti nyuma ya mbao, karibu kabisa na kichwa chake.

"Unasemaje?"

"Simu. Iliisha chaji tangu arobaini. Ningeipeleka wapi kuchaji? Njiani yupo yeye."

"Ni ya aina gani?"

"Kitochi. Kama chako."

Kokushubira alisimama. Alimpigia Joanitha, akasema kwa pumzi moja: "Omba namba nyingine sasa hivi. Usinipigie, simu yangu nazima. Kaa hapo hapo." Kisha akakibandua kifuniko kwa ukucha, akatoa betri, akazunguka hadi dirishani. Bati la dirisha lilisogea kidogo, vidole vikatoka, vyembamba kuliko alivyovikumbuka, vikachukua betri, bati likarudi.

Kisha mlio wa simu kuwaka, na baada yake milio ya ujumbe, mmoja, mwingine, mwingine, kama mvua inaanza kwenye bati.

"Zinaingia nyingi," alisema Benadeta. Sauti ilikuwa imebadilika. "Huyu anampa pole ya kuugua. Huyu anamuuliza lini atapeleka buni."

"Ya mwisho, waitu. Tafuta ya mwisho."

"Ya mwisho inasema ameshinda bando la bure."

"Basi inayofuata!"

Alisubiri. Upande wa njia alisikia watu wakiitana, mbali bado.

"Ipo," alisema Benadeta. "Nikutajie?"

Kokushubira alikitazama kitochi chake kitupu mkononi. Sasa angempigia nani, na kwa simu ipi? "Mpigie Joanitha mwenyewe. Namba yake marehemu alikuwa nayo. Kama kuna salio."

"Lipo. Aliweka vocha kabla hajalazwa."

Simu iliita ndani ya nyumba, spika imefunguliwa. Joanitha alipokea, ikasikika pumzi tu. Halafu, kwa sauti ndogo kama ya mtoto: "Mzee?"

"Si yeye," alisema Benadeta. "Ni mimi. Andika."

Alizitaja tarakimu moja moja, akizirudia kila moja, na Kokushubira pale nje akazirudia pamoja naye kimoyomoyo ingawa hazikumsaidia kitu. Kisha sauti ya Nestory ilisikika kwa mbali kwenye simu, ikipiga kelele, na ya Joanitha juu yake: "Imepokelewa! Mwambie mama imepokelewa!"

Kokushubira aliegemea ukuta. Alitaka kulia, akaona hana nafasi hiyo, kwa sababu wale watu walikuwa wameshaingia kwenye kibanja. Alisikia majani makavu ya migomba yakivunjika chini ya miguu yao, na sauti ya Dastan mbele, akizungumza kwa furaha.

Angeweza kutoka kwa nyuma, apite kwenye kahawa, arudi kwa watoto wake. Alichokuja kutafuta alikwisha kukipata. Alirudi mbele, akasimama kizingitini, akajifunga khanga upya kiunoni.

"Benadeta," alisema bila kugeuka. "Wanakuja. Mimi sitoki hapa."

Ndani benchi zito liliburutwa sakafuni. Komeo likakwaruza, likakwama, likavutwa tena. Mlango ukafunguka.